Mlinzi wa Ghala Hakiri: Nimbane?

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi ni askari mpelelezi mkoani Mtwara. Magunia ya korosho yamepungua kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, na tunamshuku mlinzi wa zamu ya usiku. Wenzangu wanasema asipobanwa hasemi. Sitaki kumpiga mtu. Nifanyeje?
Askari, Tandahimba

JIBU: Marahaba. Usimbane. Katiba, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa mtu, na mahakamani ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba mshtakiwa alikiri kwa hiari. Maelezo yakikataliwa nawe hukukusanya kitu kingine, huna kesi. Tena anayepigwa husema lolote la kukomesha kipigo, na mwizi mwenyewe anabaki mtaani.

Kazi kubwa iko kabla hujamwita. Chukua daftari la mapokezi, hati za mizani na orodha ya zamu. Jua funguo ziko kwa nani. Hesabu magunia mwenyewe. Kilichopungua ni magunia au kilo? Korosho zikiendelea kukauka hupungua uzito, na mtu asije akalala mahabusu kwa kosa la jua.

Akifika, mtajie jina na cheo chako na tuhuma yenyewe. Mpe onyo: halazimiki kusema kitu, na atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Mwambie anaweza kumpata wakili, ndugu au rafiki. Kama anachokimudu ni Kimakonde, tafuta mkalimani asiye na maslahi na chama hicho.

Kisha: "Nieleze usiku ule, tangu ulipopokea zamu hadi ulipokabidhi." Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: hawavumilii kimya, wanadakia, "Uliwafungulia saa nane, sivyo?" Ukishamtilia maneno mdomoni, akikiri hutajua kama anakumbuka au anakurudishia yako. Weka siri jambo moja ambalo aliyeingia tu ndiye analijua, mathalani kwamba kufuli lilikuwa zima ila bawaba zilikatwa. Usimwambie yeye wala wanakijiji. Akilitaja mwenyewe, umepata kitu cha kufuatilia.

Akimaliza ndipo utoe ushahidi, kimoja kimoja: "Daftari linasema hivi, wewe umesema vile. Hapo pakoje?" Akinyamaza, andika kwamba hakujibu, uendelee. Wala usihesabu kuinamisha macho kuwa dalili ya uongo. Kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa adabu.

Ahadi nazo ni shinikizo. "Ukikiri leo unalala kwako" inaweza kuyaangusha maelezo yote, hata kama hukumgusa.

Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Mkuu wa upelelezi wa shauri anaweza kuongeza zisizozidi 8. Zaidi ya hapo ni kwa hakimu. Muda wa safari ya kumpeleka kituoni hauhesabiwi. Andika saa ya kuanza, ya mapumziko na ya kumaliza, umsomee, arekebishe anachotaka, ndipo atie sahihi.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16. Aliandikishwa maelezo usiku na mimi sikujulishwa mpaka asubuhi. Anasema alichapwa. Tumechelewa?
Mama, Nachingwea

JIBU: Pole sana, mama. Hamjachelewa. Sheria inamtaka polisi amjulishe mzazi au mlezi mara tu mtoto anapofikishwa kizuizini. Mwambie wakili saa uliyojulishwa na aliyekujulisha. Mpeleke mtoto hospitali leo, daktari aandike alama alizoziona na tarehe.

Pingamizi litolewe pale maelezo yanapotaka kupokelewa kama kielelezo, si baadaye kwenye utetezi. Mahakama itasimamisha shauri kwanza ichunguze kama yalitolewa kwa hiari. Kwenye Mahakama Kuu uchunguzi huo huitwa "kesi ndani ya kesi". Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, waulize wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako kabla ya tarehe ya kusikilizwa.