Kuanza kununua mapambo na samani za zamani

Umeuliza uanzie wapi kununua vitu vya zamani bila kupunjwa. Ndugu, anza na kitu kimoja, na upime nafasi yake nyumbani kwanza. Mimi niliwahi kuburuta kabati hadi mlangoni likagoma kuingia.

Ukiwa dukani, chomoa droo kabisa. Pembe zilizoungwa kwa meno ya mbao yanayoshikana hudumu kuliko zilizogongwa misumari tu. Ukiona vitundu vyenye unga mpya, wadudu bado wanakula: achana nacho. Kochi likague mishono, kunguni hujificha humo. Mikwaruzo isikutishe, harufu ya ukungu ndiyo king'ang'anizi.

Taa kuukuu aikague fundi umeme kabla hujaiwasha. Rangi ya zamani usiipige msasa kabla haijapimwa, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.