Wadogo zangu, iacheni --create kwanza

Nimeona tena mtu akipiga mdadm --create (amri ya Linux ya kuunda safu mpya ya diski) kwenye RAID 0 iliyopoteza diski, yaani safu inayogawa data vipande vipande kwenye diski zote bila nakala ya ziada, kwa sababu tu --assemble, ya kuunganisha upya safu iliyopo, imemkatalia. Inaniuma, kwa kuwa data nyingi za namna hii hufa mikononi mwetu wakati diski yenyewe bado inasomeka. Basi sikilizeni.

1. Msingoje /proc/mdstat, faili ya hali ya safu, iwaambie. RAID 0 haina [UU_], alama ya diski iliyokosekana, na mdadm --monitor haina la kuripoti kuhusu safu isiyo na ziada. Someni ripoti ya afya ya kila diski kwa smartctl: namba 197 na 198, za sekta zisizosomeka, na hasa 199, makosa ya CRC, yaani ya usafirishaji wa data, ambayo mara nyingi ni kebo.

2. Diski ikipotea kwenye safu, zuieni uandishi wowote kwenye diski, kisha simamisheni safu.

3. Hifadhini matokeo ya mdadm --examine, inayoonyesha maelezo ya safu, ya kila diski kwenye mashine nyingine, pamoja na namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number). Majina kama sdb si ya kutegemea. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi, mwerevu kweli, alikuwa na safu ya diski nne. Moja ikapotea. Akazihamisha zote kwenye milango mingine, akawasha, zikaonekana nne. Angepiga --assemble wakati ule, ingepanda, maana mdadm husoma nafasi ya kila diski kwenye superbloku, yaani maelezo ya safu yaliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Yeye akapiga --create kwa mpangilio wa majina ya jana. Programu ikamwonya kwamba diski hizo tayari ni za safu nyingine, ikauliza kama aendelee. Akajibu y.

Hata hapo data ilikuwa haijaguswa. Superbloku tu ndizo zilizofutika, na mpangilio ungeweza kutafutwa upya. Lakini diski ya kwanza ilikuwa mahali pake na nyingine zimebadilishana. Mount, ya kufungua mfumo wa faili, ikagoma, akapiga fsck -y, inayorekebisha mfumo huo bila kuuliza. Ikaikuta superbloku ya ext4 (ya mfumo wa faili, si ile ya mdadm) kwenye kipande cha kwanza, ikaamini, ikaanza “kurekebisha” vipande vya KB 512 vilivyochanganyika. Faili zikakatwa moja baada ya nyingine huku sisi tukiamini kazi inaendelea. Baadaye tukasoma smartctl: sekta zote nzima, 199 imepanda. Ilikuwa kebo. Alikaa kimya siku nzima, na sikuwa na neno la kumpa.

4. fsck ni ya mwisho, tena juu ya nakala, kamwe si juu ya diski asilia.

5. Kama diski inakufa kweli, nakilini kwa ddrescue -d -n kwanza, pamoja na faili ya ramani inayokumbuka sekta zilizosomwa, kwenda diski isiyo ndogo kuliko ile. Kisha -r3, kujaribu tena mara tatu, kwa sekta zilizobaki. Nakala hubeba superbloku ileile, kwa hiyo chomoeni diski ya zamani kabla ya kupiga --assemble. Halafu mount -o ro (kusoma tu), nakilini faili zote nje, na muanze na zile ambazo bakapu yenu haina.