Mwalimu, nikimpinga mhadhiri nitapona?

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba wanafunzi wetu wengi wanamaliza shahada bila kumpinga mtu kwa hoja hata mara moja. Barua zimekuja, zikiwamo za matusi. Najibu chache.

Shikamoo Mwalimu. Kuna mhadhiri anasema "toeni maoni yenu", lakini wanaotofautiana naye huambulia alama za chini. Mimi nina supu moja tayari, yaani somo la kurudia mtihani. Niandike ninachoamini au anachotaka? (Mwaka wa pili, Mbeya)

Marahaba. Mwenye supu hashauriwi kuanzisha vita, kwa hiyo twende taratibu. Anza na hoja yake yeye, uiandike vizuri kiasi kwamba akiisoma aseme, "Huyu kanielewa." Ndipo uweke yako, na kila unachodai kiwe na kitabu, takwimu au mfano nyuma yake. Kabla ya hapo mwombeni vigezo vya usahihishaji, mkiwa darasa zima na si wewe peke yako: ushahidi una alama ngapi, mpangilio ngapi. Vikiwa kwenye karatasi, hata rufaa inapata pa kushika.

Ila nikuulize, usiudhike: una hakika hao walioambulia chini walikuwa na hoja? Nimesahihisha insha za ukurasa mmoja wa hasira tupu, na wenyewe wakaenda kutangaza bwenini kwamba nina chuki nao. Nimewahi pia kumpunguzia kijana alama kwa sababu tu alinikera, nikaligundua hilo nilipoirudia karatasi yake wiki iliyofuata. Tangu hapo nilifunika majina, nikasahihisha kwa namba.

Klabu yetu ya midahalo hukutana kila Ijumaa. Kila mada inaishia kelele, na upande wenye marafiki wengi ukumbini ndio unaoshinda. Tufanyeje? (Katibu wa klabu, Iringa)

Kamwene, katibu. Kwanza tazameni mada zenu. "Mwanamke na mwanamume nani bora" ni ya kuchekesha watu, haina cha kutafuta. Nanyi mnaishi jirani na mada iliyowatoa jasho watafiti na mawaziri: nani anaukausha Mto Ruaha Mkuu? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Wapo wanaoyanyooshea kidole mashamba ya mpunga ya Mbarali. Wapo wanaowataja wafugaji walioingia na ng'ombe bonde la Usangu, mto unakotokea. Mgawo wa umeme ulipobana, lawama za bwawa la umeme la Mtera kukosa maji zikapandishwa huko huko juu, ingawa wapo watafiti waliouliza kama mabwawa yenyewe yaliendeshwa sawasawa. Wafugaji wakaondolewa, na mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Miaka kadhaa baadaye mto ulikuwa bado unakauka. Sasa hapo nani ana ukweli wote mfukoni?

Niliwahi kuiendesha mada hiyo, mwezi Juni, baridi ya kuvaa masweta mawili. Kijana wa Rujewa, huko huko Mbarali, ambaye ada yake ilitoka kwenye mpunga, nikampa aitetee hifadhi. Mwenzake wa jamii ya wafugaji nikampa awatetee wakulima. Yule wa Rujewa alisimama, akaikunja karatasi yake mara nne, akaanza: "Baba asisikie haya." Ukumbi ukacheka. Akaeleza, mfereji kwa mfereji, jinsi maji yanavyoachwa yaingie majarubani hata wakati hayana kazi. Mtu wa hifadhi asingeweza kulisema lile kwa undani ule. Alipokaa alikuwa anatetemeka, na sidhani ilikuwa baridi peke yake.

Kwa hiyo wagaweni wasemaji kwa kuokota karatasi, siku tatu kabla, ili kila mmoja apate muda wa kusoma upande asioupenda. Na ukumbini asijibu mtu mpaka arudie hoja ya mwenzake, na mwenye hoja aseme, "Ndivyo." Mwanzoni hilo litaleta kelele zake, maana watu watagundua hawakuwa wakisikilizana. Mshindi asipatikane kwa makofi. Pigeni kura kabla na baada, mhesabu waliohama.

Je, uwiano maana yake kila wazo lipewe dakika zilezile? (Msomaji, Tunduma)

Hapana. Kimondo cha Mbozi kina tani zipatazo 16, na uzito huo hauamuliwi kwa mdahalo. Lakini nani anufaike na fedha za watalii wanaokwenda kukitazama? Hapo wekeni viti pande zote.

Mwanangu nimemsomesha kwa viazi. Nilimpeleka kusoma, si kubishana. Mtamponza. (Mama, Makambako)

Mama, hofu yako ina historia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu watumike kwa mshahara uliokatwa. Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akatangaza kujikatia asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe. Wengi walirudishwa baadaye, lakini sidhani kama yupo mzazi aliyesahau siku mwanawe alipofika nyumbani na sanduku. Mwaka 1990 wanataaluma wetu wakaandika Azimio la Dar es Salaam, wakaweka uhuru wa taaluma na wajibu kwa jamii ndani ya waraka mmoja. Waliona, nadhani, kwamba kimoja bila kingine hakisimami.

Hata hivyo, kubishana ukumbini ukiwa na karatasi mkononi si kuandamana. Tuseme mwanao amekuwa bwana shamba, anakuja kwako na kukuta mbegu ya viazi uliyoitunza miaka yote ina mnyauko. Utamtaka anyamaze kwa heshima?

Kundi letu la majadiliano tuko wanane. Saba wamekubaliana, mimi naona wamekosea, nikanyamaza. Ni woga? (Njombe)

Ni ubinadamu. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kabisa, lakini wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu moja la uongo. Karibu theluthi ya majibu ya wale wasiojua mpango huo yakafuata uongo. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, idadi hiyo ikashuka sana.

Huhitaji kuwashinda saba. Kesho sema tu, "Sijashawishika, hebu turudie hatua ya tatu." Halafu tazama nani mwingine anaacha kuandika.