Maswali Yenu ya Afya: Si Kila Homa ni Malaria na Taifodi

Mwezi huu barua nyingi ni za homa na kifua, nafikiri ni hii baridi. Zilizofanana nimeziweka pamoja, kwa hivyo kama hujaona jina la mtaa wako usinune, soma tu, pengine jibu lako liko ndani ya barua ya mwenzako.

Daktari, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Kariobangi. Tangu mwaka uanze nimetibiwa malaria na taifodi kama mara nne, kliniki ni ile ile iko karibu na steji. Nikienda nawaambia kichwa inauma, mwili umechoka, nasikia joto na kutetemeka hasa jioni, mdomo unakuwa na ladha kama nimelamba chuma. Wananitoa damu, nusu saa baadaye naambiwa nina zote mbili, nadungwa sindano siku tano na kupewa mfuko wa dawa. Napoa kisha inarudi. Sijatoka Nairobi tangu Krismasi. Taifodi yangu imekuwa sugu ama? – Fundi, Kariobangi

Fundi, kabla tuseme ni sugu hebu kwanza tuulize kama ulikuwa nayo. Mimi nina shaka.

Tuanze na malaria. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, na baridi ya huku inafanya vimelea vya malaria vishindwe kukomaa vizuri ndani ya mbu, ndio maana wagonjwa wengi wa malaria ya ukweli tunaowaona hapa ni watu wametoka safari, ameenda matanga Siaya, ameenda Busia au Homa Bay au Pwani, halafu wiki moja au mbili akisharudi homa inamshika. Wewe hujatoka. Siwezi kusema haiwezekani kabisa lakini ningetaka kuona hiyo kipimo kwa macho yangu, si kuambiwa tu "iko". Tena ujue ile kipimo ya haraka ya kudunga kidole inaweza kuendelea kusoma malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hivyo kama ulitibiwa juzi na leo wanakuambia imerudi, omba waangalie damu kwa darubini.

Sasa taifodi, na hapa ndio hasira yangu huwa. Kipimo wanachofanya wengi mtaani kinaitwa Widal. Hakitafuti mdudu wa taifodi, kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza, na kinga hiyo inaweza kubaki kwa damu miezi mingi, na hata wadudu wengine wa ukoo huo huo wanaweza kuileta. Chukua watu wazima kumi waliolelewa Nairobi, wazima kabisa, wapime Widal, usishangae baadhi yao wakiambiwa wana taifodi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, inawekwa kwa chupa maalum siku kadhaa waone kama mdudu atamea, na inafaa itolewe kabla hujameza antibayotiki yoyote. Hiyo haitoki kwa nusu saa, na ni ghali kuliko Widal, ndio unaona si wengi wanaitaja. Taifodi yenyewe haiji jioni moja ikaondoka kesho yake, homa inapanda siku baada ya siku, tumbo linauma, unakosa choo au unaendesha, chakula hakipiti, na ukiiacha wiki kadhaa inaweza kutoboa utumbo. Si ugonjwa wa kuchezea. Ndio maana sipendi jina lake litupiwe kila mtu ana kichwa.

Lakini kilichonifanya nichague barua yako ni ile ladha ya chuma. Wewe unachomelea nini? Kama ni mabomba au mabati yale yamepakwa zinki ili yasishike kutu, na unafanyia ndani ya kibanda kimefungwa, moshi wake ukiuvuta unaleta homa kamili, masaa manne mpaka kumi hivi baadaye mtu anatetemeka, kichwa, viungo, kikohozi kikavu, na hiyo ladha mdomoni, halafu siku moja au mbili inaisha yenyewe, hata bila sindano. Na huwa inauma zaidi siku ya kwanza ukirudi kazini baada ya kupumzika, kwa hivyo anza kuandika kwa daftari siku ulichomelea nini na homa ilikushika lini, uone kama Jumatatu haitokei tokei. Saga hiyo zinki pale utachomelea, fanyia kazi nje upepo ukitoka mgongoni, na utafute maski ya ukweli ya moshi. Maziwa mafundi wanakunywa ati yaoshe kifua, kunywa ukipenda, ni chakula, lakini hayaoshi kitu.

Sikuhukumu kutoka huku mbali, huenda si hiyo. Homa ya kurudi rudi inataka mtu akae chini na wewe, apime pia mkojo, sukari, virusi vya Ukimwi, akuulize kuhusu kifua na kama unakunywa maziwa mabichi, manake nayo huleta homa ya kurudi rudi. Na ukiona shingo imekakamaa, mtu anachanganyikiwa, anatapika kila kitu, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au pumzi inakatika, hiyo haingoji daftari. Enda siku hiyo hiyo.

Nina kikohozi wiki ya tatu sasa, jasho usiku mpaka nageuza mto, suruali imeanza kulegea. Nimekunywa dawa za kikohozi chupa mbili. Ninunue gani ingine? – Kijana, Umoja

Usinunue. Kikohozi cha wiki mbili kwenda juu ni kupimwa TB, na wewe umeongeza jasho na kupungua, unataka nini tena? Enda kituo cha afya cha serikali kesho asubuhi, uwaambie hivi ulivyoniandikia, watakupa kichupa utoe makohozi. Vipimo na dawa za TB ni bure hospitali za umma. Matibabu ni miezi sita kwa kawaida na inapona. Kwa sasa fungua madirisha ya hiyo nyumba na uzibe mdomo ukikohoa, hasa kama mnalala wengi.

Daktari shikamoo. Mtoto wangu ana miezi tisa, anakohoa siku ya tatu na pua inatoka. Jirani anasema ni baridi tu nimpe asali na limau, mama mkwe anasema nimfunge vizuri nimpake mafuta kifuani. Nitajuaje kama ni nimonia? Naogopa kukimbia hospitali kila mara wananiona mshamba. – Mama Baby, Mukuru

Marahaba mama, na asikuite mtu mshamba, mtoto wa miezi tisa hajui kusema anaumwa wapi.

Asali kwanza: hapana. Chini ya mwaka mmoja mtoto hapewi asali hata kidogo, kuna mdudu anaweza kuwa ndani yake ambaye tumbo la mtu mkubwa linammudu na la mtoto haliwezi, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumua. Jirani alimaanisha vizuri, mwambie pole pole.

Sasa nimonia unaitafuta kwa pumzi, si kwa sauti ya kikohozi. Ngoja atulie, asiwe analia wala ananyonya, mwinue nguo uone tumbo na kifua, shika simu uweke dakika moja kamili, uhesabu kila akivuta. Dakika kamili, usihesabu nusu ukazidisha, watoto wanapumua kwa kuruka ruka. Wa kwako, kuanzia miezi miwili mpaka kabla afikishe mwaka, pumzi 50 au zaidi ni haraka sana. Akishafika mwaka mpaka miaka mitano, 40. Na wale wachanga chini ya miezi miwili ni 60, na hao hata homa peke yake ni hospitali. Ukipata ni haraka, hesabu tena, ikirudi vile vile funga mtoto mgongoni uende leo.

Halafu angalia hapa chini ya mbavu. Akivuta pumzi, kifua kinafaa kutoka nje. Kama pale chini kinaingia ndani, hapo mtoto anafanya kazi ngumu kupumua, usingoje baba arudi kazini. Pia kama amekataa kunyonya kabisa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hata ukimwamsha haamki vizuri, au midomo imebadilika rangi, hiyo ni kukimbia hata kama ni usiku wa manane.

Kama hakuna hata moja ya hizo, anacheza na ananyonya, basi jirani yako anasema kweli, ni mafua, yataisha. Mnyonyeshe mara nyingi, safisha pua kwa maji ya chumvi ya matone, dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake akichemka. Dawa za kikohozi za chupa wachana nazo, hazimsaidii wa umri huo. Usimfunge blanketi tatu akiwa na joto (msalimie mama mkwe). Na jiko la makaa lisiingie nyumbani kupasha chumba joto, najua Julai ni mbaya na nyumba za mabati ni friji, lakini ule moshi unaharibu mapafu ya mtoto na ile hewa haina harufu inaua familia nzima ikiwa imelala. Angalia pia kitabu cha kliniki kama alimaliza chanjo ya nimonia ya wiki 6, 10 na 14, imekuwa bure Kenya tangu 2011, kama kuna imeruka waambie.

Mamangu ana miaka 61, tunaishi naye Kangemi. Aliambiwa ana presha, akameza dawa miezi miwili, akasema yuko sawa na miguu imeanza kufura, akaacha. Sasa anatafuna kitunguu saumu. Nimfanyie nini? – Binti yake

Dada yangu, alisikia yuko sawa kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi, na pia kwa sababu presha yenyewe mara nyingi haisikiki. Wengi wanangoja kichwa kiume ndio wameze, na kichwa hakisemi ukweli, mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 akienda kuabudu na kuimba kwaya.

Miguu kufura hapo sikatai, kuna dawa inaitwa amlodipine inafanya hivyo kwa watu wengine, na kuna nyingine kama enalapril inaleta kikohozi kikavu hakiishi. Dawa ya kubadilisha ipo. Mrudishe, mwache aseme mwenyewe "hii ilinifurisha miguu", atapewa ingine, lakini pia waangalie moyo na figo wasije wakalaumu dawa bure. Kitunguu aendelee nacho kwa mchuzi. Chumvi ndio apunguze, yote ya siku ikiwa na ile ya mkate na vitu vya pakiti isipite kijiko kimoja cha chai. Na asinunue nunue dawa za maumivu za mgongo kemisti, diclofenac na wenzake zinapandisha presha na kuumiza figo.

Kumpima: akae dakika tano ametulia, miguu chini, asiwe ametoka kupanda ngazi. Ikikaa 140 kwa 90 au juu siku tofauti, dawa inahitajika. Ikifika 180 kwa 120 na kuna kifua, pumzi, macho kuona giza au kuchanganyikiwa, ni dharura. Na siku moja ukiona uso umepinda upande, mkono unashindwa kuinuka, maneno yanakuja yamevunjika, angalia saa ni ngapi na mpeleke hospitali kubwa iliyo na CT scan, ile mashine ya kupiga picha ubongo, manake dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inapewa ndani ya masaa manne na nusu tu tangu ianze. Kumlaza apumzike kwanza ndio kunapoteza watu.

Mimi ni wa boda, miaka 48. Nina alsa, vidonda vya tumbo, ya miaka mingi, nakunywa dawa za asidi. Siku hizi kifua kinabana nikisukuma pikipiki mlima, nikisimama kinaachia. Ni alsa imepanda? – Rider, Kawangware

Kaka, alsa haijui mlima. Kitu kinabana ukitumia nguvu na kuachia ukipumzika, mpaka ionekane vingine hiyo ni moyo, kwa hivyo wiki hii, si mwisho wa mwezi, enda upimwe moyo kwa ile mashine ya nyaya, presha na sukari. Ikikubana ukiwa umekaa, ikakaa dakika kumi na tano, jasho baridi, ikapanda taya au mkono wa kushoto, usijiendeshe mwenyewe, piga 1199 ambulensi ya Red Cross au mwenzako akubebe.

Alsa yenyewe pia sijui nani aliithibitisha. Kuna kipimo cha choo cha kutafuta mdudu wake, H. pylori, lakini dawa za asidi kama omeprazole zinaweza kukiharibu kisimwone, kwa hivyo waambie unazimeza, kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kupima. Mdudu akipatikana anatibiwa kwa antibayotiki mbili pamoja na ya asidi, siku 14, unamaliza. Choo kikiwa cheusi kinanata kama lami, au ukitapika kitu kama unga wa kahawa, unavuja damu ndani, hospitali saa hiyo.

Na usiogope geti kwa sababu ya deposit. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hiyo ni hospitali yoyote, ya serikali na ya kibinafsi. Kama bado hujajiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, piga *147# leo ukingoja mteja, manake kwa zahanati na vituo vya afya vya serikali huduma za msingi ukishajiandikisha hulipishwi. Ukienda beba pakiti zote za dawa umekuwa ukimeza, hata ile ya mitishamba, wazione.