Re: Eti Rockefeller ndo alianzisha shule?

Mkuu umeuliza kama ni kweli Rockefeller, yule tajiri wa mafuta wa Marekani, alianzisha shule ili apate vibarua wa viwandani, hiyo stori imetiwa chumvi. Horace Mann, jamaa aliyepigania shule za umma kule Marekani, alipewa ukatibu wa bodi ya elimu jimbo la Massachusetts 1837, Rockefeller kazaliwa 1839 hahaha, na 1843 Mann akaenda Prussia (dola la zamani la Kijerumani) kucheki shule zao akarudi kazipenda balaa. Ila matajiri mkono wao upo, cheki Carnegie, tajiri wa chuma wa hukohuko, 1905 katoa dola milioni 10 za pensheni ya maprofesa, sasa chuo kikitaka hizo hela sharti kipokee wanafunzi waliotimiza masomo kadhaa ya sekondari, ndo ikaja yuniti, kipimo cha saa 120 kwa somo, yaani zinahesabiwa saa ulizokaa darasani, umeelewa hujaelewa shauri yako, na Marekani bado wanaitumia.