Ukikwama kwenye falsafa, iwaze kwa Kiswahili kwanza

Hii ni kwa wale mnaosoma falsafa chuoni au mnajisomea wenyewe tu nyumbani. Mwaka wa kwanza mi nilikuwa nakariri. Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, kasema "nafikiri, kwa hiyo nipo", sawa, naiandika kwenye mtihani, maksi napata, ila siku mama aliponiuliza hiyo maana yake nini hasa nikakosa la kumjibu, na iliniuma.

Aliyenitoa hapo ni mwanafalsafa Kwasi Wiredu. Mzee huyu kazaliwa Kumasi, Ghana, 1931, akasoma Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon halafu akaenda Oxford, huko msimamizi wake akiwa mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle, na Strawson, mwanafalsafa mwingine wa hukohuko, naye akamfundisha, kwa hiyo ile falsafa ya kuchambua neno na hoja mojamoja aliipata kwa wenyewe kabisa. Akafundisha kidogo Uingereza, akarudi kwao akafundisha chuo kikuu miaka 23, na 1987 ndo akaenda University of South Florida kule Marekani. Alifariki Januari 2022.

Sasa alichokuwa anafanya, anachukua swali la falsafa ambalo linaonekana ni la dunia nzima, analiwaza kwa Kiakan, lugha ya kwao, aone linabaki na nini. Kwa Descartes akasema Kiakan ukitaka kusema kitu kipo, lazima kiwepo mahali. Hapo nikashtuka maana na sisi ni vilevile jamani! Nipo, niko, nimo, hizo po, ko na mo zote zinataja mahali. Na Descartes alichokuwa anataka ni kuonyesha kwamba kuna "mimi" ambaye hahitaji mahali popote ili awepo, sasa ukishasema nipo si umeshajiweka mahali? Tafsiri niliyoikariri mwaka mzima ilikuwa inapingana na hoja yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu, chukua daftari, iandike hoja kwa Kiswahili kile unachoongea na ndugu zako, usikope msamiati wa kitabuni. Jaribu na hii: kauli ni ya kweli ikilingana na hali halisi. Haya, hali halisi ni ipi? Si ndo jinsi mambo yalivyo kweli? Umerudi ulipoanzia. Wiredu aliliona hilohilo kwenye Kiakan, na mimi na mwenzangu wa chumbani tulibishana nalo mpaka saa nane usiku, nilijifunza kuliko muhula mzima wa kukariri.

Ila msikimbilie kusema hoja ikigoma kwa Kiswahili basi ni ya uongo. Wiredu mwenyewe alikataa hilo, alisema ukishaona tatizo limefungwa na lugha bado unatakiwa ulete sababu ambazo mtu wa lugha yoyote anaweza kuzipima. Na hakuwa mtu wa kusifia kila cha mababu, kitabu chake cha 1980 kinaukosoa vikali utamaduni wa kumlazimisha mtu atii bila kuuliza, hilo nalipenda sana kwake.

Wiki hii nimekaa na neno akili. Wazungu wanabishana kama akili ni kitu kinachojitegemea mbali na mwili, lakini sisi tunasema mtu ana akili, akili zimemruka, tumia akili, na kila nikiyaandika naona tunataja uwezo wa mtu. Nimejaza kurasa nne na bado sijamaliza.