Lori la zamani hufia mteremkoni

Lori la kwanza nililokabidhiwa mshale wake wa raundi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ulikuwa umekufa zamani, umelala kwenye sifuri huku injini inanguruma. Fundi akaniambia, "Usijali, gavana ipo." Nikaamini, na naona wengi mnaoanza mnaamini hivyohivyo.

Gavana ya pampu ya dizeli kazi yake ni moja: kubana mafuta raundi zikifika kikomo. Kwenye tambarare hata ukikanyaga mpaka chini itakulinda. Mteremkoni na mzigo, anayezungusha injini si dizeli tena, ni tairi. Tani zilizo nyuma yako zinasukuma tairi, tairi zinazungusha difu (gia za ekseli ya nyuma), difu inazungusha gia boksi, na injini inaburuzwa tu. Gavana imeshafunga mafuta yote na raundi bado zinapanda.

Siku yangu ilifika nikiwa nimejaza. Nilitaka kurudi gia ya nne, mkono ukaingia ya pili. Injini ikalia mlio mwembamba ambao sijawahi kuusikia, halafu kukawa na kugongana kwa chuma. Nikakanyaga klachi, nikabaki na breki peke yake na dua. Fundi alipofungua kava ya valvu, pushirodi mbili, zile fito zinazosukuma valvu zifunguke, zilikuwa zimepinda kama misumari iliyogoma kuingia ubaoni. Nilipona kirahisi. Springi za valvu zilizochoka haziwahi kufunga valvu kabla pistoni haijapanda, na zikikutana ndipo injini nzima inapokwenda na maji.

Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, nayo ina hesabu yake. Nguvu inayoivuta huongezeka kwa mraba wa raundi: injini ya kikomo cha 2,100 ikiburuzwa hadi 2,900, bolti za konrodi zinavutwa karibu mara mbili. Na bolti zenyewe huenda zimo humo tangu gari litoke kiwandani.

Dizeli kubwa za zamani za silinda 6, nyingi kikomo chake kiko kati ya 2,000 na 2,600. Ya kwako isome kwenye kibati cha injini au kitabu chake, usiazime ya jirani. Mimi kwa gari kuukuu hupunguza 200 nyingine, maana kitabu kiliandikwa injini ikiwa mpya. Na ukikuta sili ya waya kwenye pampu imekatwa, jua kuna mtu alishachezea gavana kutafuta mwendo.

Kama mshale haufanyi kazi, au unacheza ovyo, tumia spidi. Tairi kubwa ya lori huzunguka karibu mara 300 kwa kilomita. Kwenye 60 kwa saa unakula kilomita moja kwa dakika, kwa hiyo ni mizunguko 300. Difu ya 6 kwa 1, gia ya moja kwa moja (uwiano wa 1 kwa 1): injini iko 1,800, salama. Sasa rudi gia yenye uwiano wa 1.6 kwa spidi ileile: 2,880. Kwenye raundi za namna hiyo ndipo pushirodi hupinda. Nilipiga hesabu hiyo kwa kila gia, nikaandika spidi ya mwisho ya kila moja kwenye kipande cha tepu, nikakibandika juu ya dashibodi.

Raundi za chini mno nazo zina madhara, kulivuta gari mlimani likitetemeka kwenye 900 kunachosha beringi, lakini hilo utalisikia mwenyewe mapema.

Gia ya kuteremkia ichague kabla mteremko haujaanza. Ukishakuwa ndani, mwendo ukifikia namba ya kwenye tepu, usiguse gia. Kanyaga breki kwa uthabiti mpaka spidi ishuke kilomita 8 au 10 chini ya namba hiyo, achia kabisa zipumue, kisha subiri ipande tena ndipo ukanyage.